Jagi la chama lilivyogundishwa kwenye wall unit yangu, na Sabato ikaingia

Wakuu, hamjambo? Na nyinyi wasomaji wa kimya kimya, ambao hamcomment lakini mnajua mambo ya kila mtu hapa, pia nawasalimu.

Naandika kutoka Suna, Migori. Hii ni kweli tangu juu mpaka chini, sijaongeza chumvi, na mahali ambapo ningeweza kuongeza haikuhitajika. Mhusika mkuu ni mume wangu. Yuko hapa kando yangu kwa kochi anaangalia mpira, hajui anaandikwa. Akijua atataka nimtaje kama injinia.

Nianze na mazingira ndio mtu asipotee.

Nyumba yetu iko karibu na barabara kuu ya kwenda Isebania. Malori ya kwenda Tanzania na ya kutoka Tanzania yanapita hapo mchana kutwa. Likipita moja lenye mzigo mzito, sakafu inatetemeka, wall unit inatetemeka, na glasi zote zilizo ndani zinaanza safari.

Si mzaha. Unazipanga asubuhi nyuma kabisa ya rafu, jioni unazikuta ukingoni zinachungulia chini.

Na wall unit yangu ina vitu, jamani. Nina mbwa wa udongo niliyemnunua Kisumu. Nina vesi mbili za maua ya plastiki, saa ya mezani yenye umbo la kanisa, picha ya harusi kwenye fremu ya kioo, na vitambaa vya kushona kwa mkono chini ya kila kitu. Kitambaa kinapendeza macho. Kwa kuzuia kitu kisiteleze, ni sawa na kuipaka glasi mafuta chini.

Lakini nilikuwa na njia zangu. Vesi nilizijaza mchanga nusu ili ziwe nzito chini. Mbwa nilimweka rafu ya chini kabisa, akianguka asiende mbali. Wall unit yenyewe nilimwita fundi akaifunga ukutani kwa skrubu. Njia hizo zilifanya kazi vizuri na hazikuharibu chochote, ndio maana mume wangu hakuzipenda.

Yeye ni mtu wa video. Akiona mzungu kwenye simu anatengeneza kitu kwa dakika tatu, basi amehitimu. Ametutengenezea bomba la jikoni, na tangu siku hiyo tunafungua maji kwa pliers. Ametutengenezea mlango wa choo, na sasa unafungwa kutoka nje tu. Mgeni akiingia huko ni lazima mtu wa nyumba asimame mlangoni kama askari wa benki.

Mtaniambia nimkumbuke kwa maombi. Nimemkumbuka.

Sasa njooni kwa jagi.

Tuna chama cha akina mama tuliotoka visiwa vya Mfangano na Takawiri, na Mbita ng'ambo ya maji, tukaletwa Migori na ndoa au biashara. Wengi wanauza samaki, wengine ni walimu, na karibu wote ni Wasabato. Tunakutana nyumba kwa nyumba. Chama kina jagi moja la kioo na glasi zake sita zenye mstari wa dhahabu mdomoni, na hilo jagi halina mwenyewe. Likikaa kwako zamu yako, siku ya kikao linakabidhiwa kwa anayefuata, kwa wimbo, na hapo hapo anamiminiwa glasi ya kwanza ya juisi kutoka kwenye jagi hilo.

Asiyemiminiwa hajapokea. Haijaandikwa popote, lakini jaribu kuiruka uone.

Jagi lililetwa na Mama Awuor, ambaye ndiye aliyeanzisha chama. Mimi nilipoolewa hapa Suna sikuwa najua mtu. Mume akienda kazini nilikuwa nalia jikoni mpaka arudi. Mama Awuor akasikia kuna nyar Mfangano, msichana wa kwao, amefungiwa nyumba ya karibu na barabara. Akaja, akanishika mkono, akanipeleka kwake, akanimiminia juisi kwenye glasi ya dhahabu mimi peke yangu, kama mgeni wa serikali. Na mama yangu mzazi alipofariki, ni yeye na hao akina mama walivuka maji na sufuria zao kuja kutupikia.

So mtu akiniambia hilo ni jagi tu, tutakosana hapa hapa.

Sasa Mama Awuor amezeeka. Watoto wake wakaamua arudi nyumbani Mfangano akakae na mke wa mwanawe. Chama tukakubaliana jagi lisizunguke tena, aende nalo liwe lake. Kikao cha kumuaga tukakiweka Jumapili, na mwenyeji ni nani? Ni mimi. Jagi lilikuwa kwangu.

Kazi yangu wakuu ilikuwa moja tu. Nimkabidhi likiwa zima.

Wiki hiyo hiyo kukatokea matanga Homa Bay, upande wa shangazi yangu. Sikuwa na namna, nikaenda. Kabla ya kutoka nikamwambia mume wangu, "Baba Shirleen, tafadhali angalia hilo jagi, malori yasiliangushe."

Dada zangu, ukimwambia mwanaume aangalie kitu, malizia. Mwambie aangalie kwa macho.

Nikarudi Ijumaa jioni, jua linaelekea kuzama. Nikamkuta amesimama katikati ya sitting room mikono nyuma, kama mbunge anayefungua zahanati.

"Min Shirleen," akasema. Hivyo ndivyo ananiita akiwa na furaha, mama Shirleen kwa Kijaluo. "Piga hiyo wall unit teke."

Nikamwambia nimetoka matanga, sina nguvu ya kupiga fanicha. Akaipiga mwenyewe. Hakuna kitu kilitikisika. Kwa bahati lori likapita, sakafu ikanguruma, na glasi zikatulia tuli kama wanafunzi mbele ya headmaster.

"Sasa walete malori yao," akasema.

Nikasogea. Nikashika jagi. Halikuja. Nikashika glasi. Haikuja. Nikashika picha ya harusi yangu, nayo ikakataa.

Kumbe mwenzangu alikuwa ameenda hardware akanunua gundi ile ya tube mbili, ambayo unachanganya hii na hii ndipo ishike. Shida ya hiyo gundi ni kwamba ukishaichanganya haikungoji, dakika chache inakauka, na yeye alikuwa amechanganya ya kutosha kujenga daraja. Na hapendi kupoteza vitu. So alipomaliza jagi na glasi akaendelea. Akagundisha picha. Akagundisha saa. Vesi. Mbwa wa Kisumu. Bakuli la sukari. Mwisho akagundisha remote ya TV kwenye meza, ati isiwe inapotea.

Haijapotea mpaka leo. Ukitaka kubadilisha channel unapiga magoti.

Nikamuuliza kwa upole sana, upole ule wa kuogopwa, "Unajua hilo jagi anapewa Mama Awuor Jumapili?"

"Jumapili gani?"

"Unazijua ngapi?"

Hapo uso wake ukabadilika. Nikachukua karatasi ya gundi nikasoma. Ilisema inashika kwa dakika chache, lakini kukomaa kabisa inahitaji siku nzima. Na yeye alikuwa ameipaka mchana. Nikaona bado kuna mlango mdogo wa Mungu. Nikakimbia jikoni nikaja na kisu chembamba cha kuparia samaki, nikaanza kutafuta mahali pa kukiingiza.

Mume wangu akaangalia dirishani.

"Jua limezama," akasema. "Sabato imeingia."

Wakuu. Huyu ni mtu ambaye Ijumaa nyingine giza linamkuta anaosha pikipiki, na ukimkumbusha anakwambia amebakisha tairi moja. Siku hiyo aligeuka mzee wa kanisa. Akasema kubandua ni kazi, na kazi ya mikono haifanywi. Nikamwambia hata Maandiko yanaruhusu, ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato unamtoa. Akaniuliza jagi limetumbukia wapi. Akasema kwa maoni yake limesimama vizuri kuliko wakati wowote.

Mimi si mtu wa kubishana Biblia na mume nikiwa na kisu mkononi. Nikakiweka chini. Tukaimba, tukaomba, na sala yangu ile siwezi kuiandika hapa, moderators wataiondoa.

Kesho yake tukashinda kanisani tumepumzika vile tulivyoagizwa. Nyumbani gundi ilikuwa inafanya kazi. Gundi si Msabato.

Jumamosi jua linazama tu, tayari nimesimama mbele ya wall unit. Nilianza na kitambaa cha maji moto. Gundi ikafurahia kuoga. Nikaleta nail polish remover, chupa nzima, ikaondoa vanishi ya rafu yote na kuacha gundi bila hata mkwaruzo. Mume wangu akaenda kuuliza kwa yule wa hardware, ambaye alimwambia kioo kitavunjika kabla gundi haijaachia, na kwamba hiyo ndio sababu watu huinunua.

Basi mimi mtoto wa kisiwani nikakumbuka uzi wa nyavu. Nailoni ile kali, ukiivuta huku na huku inakata kitu kama msumeno. Nikaipitisha chini ya glasi ya mwisho kulia. Nikavuta polepole. Nikasikia kitu kinalia, nikadhani ni gundi inaachia.

Ilikuwa glasi. Ilikatika mkononi mwangu, kitako kikabaki kwenye rafu, safi, kimeshika barabara.

Nikakaa chini sakafuni nikalia. Sikulia kwa ajili ya glasi. Nilimwona Mama Awuor akinishika mkono siku ile, na mimi siku ya kumrudishia nimemvunjia. Mume wangu akaleta ufagio, akafagia vipande mwenyewe, na huyu si mtu wa kushika ufagio. Hapo nikajua kweli tumeharibu.

Ngoja nichemshe chai, narudi.

Nimerudi. Naona kuna mmoja tayari ameuliza kwa nini sikununua jagi lingine linalofanana. Ndugu yangu, wewe ndio wale mnabadilishia watoto samaki wa nyumbani akifa mkifikiri hawajui.

Jumapili. Wimbo ukasikika kutoka kwa gate. Kwa kawaida wimbo huo hunipa furaha, siku hiyo niliusikia kama king'ora. Akina mama wakaingia na vikapu vya samaki na nguo nzuri za kuaga. Mama Awuor alikuwa bado kwenye gari nje anasaidiwa kushuka, so nikapata nafasi ya kumvuta pembeni mwenyekiti wetu, Mama Rispa, nikamweleza.

Hakuamini. Akashika jagi kwa mikono miwili akavuta. Wall unit ikalia kwenye skrubu zake.

"Yesu," akasema Mama Rispa.

Hapo kila mama akawa na akili yake. Mmoja akataka tuite fundi wa vioo, kana kwamba fundi wa vioo anaogopwa na gundi. Mwingine akasema tumkabidhi kwa imani, tumwonyeshe tu. Mama Rispa mwenyewe, ambaye hapendi utaratibu kuvunjwa, akaja na mpango kamili. Tumimine juisi ndani ya jagi pale pale lilipo. Tuichote kwa upawa wa supu tuiweke kwenye glasi pale pale ilipo. Halafu Mama Awuor asimame hapo ainame, anywe kwa mrija.

Mmoja akanong'ona, "Mtu akichungulia dirishani ataona Wasabato wanasujudia kabati."

Tukiwa bado kwenye hiyo theolojia, Mama Awuor akaingia. Sisi wote tukajipanga mbele ya wall unit kama ukuta. Akaketi. Akatuangalia mmoja mmoja.

"Mbona mmesimama hivyo?" akauliza. "Mnaficha mwizi?"

Nilikuwa na maneno mazuri niliyopanga, yote yakanitoka. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia, "Mama, jagi limegandishwa na gundi, haliwezi kutoka. Nilijaribu nikavunja glasi moja. Nisamehe."

Akanyoosha shingo kuangalia nyuma yetu.

"Nipelekeni nilione," akasema.

Tukamshika tukamsimamisha mbele ya rafu. Akatoa mikono yake chini ya leso. Mimi nilikuwa nimezoea kumwona amekaa mikono ameifunika, nikidhani ni heshima ya watu wazima au ni baridi tu. Ilikuwa inatetemeka, wakuu. Si kutetemeka kidogo kwa uzee. Ilikuwa inaruka yenyewe, huku na huku, hawezi kuituliza.

Akatuambia pale pale, bila kutuangalia. "Tangu mikono ianze hivi sijawahi kulishika. Zamu yangu ikifika nasema nyumba yangu ni ndogo. Mkinipa chai nasema nimefunga. Hili jagi nilikuwa nimeamua leo nitalikataa, nyathina, mtoto wangu. Nilijua nikifika nalo nyumbani, nitalivunja mimi mwenyewe."

Halafu akanyoosha mkono akaligusa. Mkono ukaruka ukalipiga jagi kwa nguvu, kwa kiganja. Sisi sote tukashtuka, kuna mama alipiga kelele. Jagi likakaa. Mkono ukaruka tena ukagonga glasi. Glasi ikakaa. Akangoja kidogo, kama mtu ambaye haamini. Kisha akalipiga mara ya tatu, na hiyo ya tatu ilikuwa ya makusudi.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka leso ikaanguka.

Mama Rispa hakungoja. Akamimina juisi kwenye jagi, akachota kwa upawa, akaweka mrija kwenye glasi. Mama Awuor akashika ukingo wa rafu kwa mikono yake yote miwili, akainama, akanywa. Peke yake. Hakuna mtu alimshikia, hakuna tone lilimwagika. Akamaliza yote, akasema aongezwe.

Wimbo ulianza wenyewe. Mimi nikachukua upawa nikamwongezea.

"Nani alifanya hii?" akauliza alipopumzika.

Vidole vyote vikaelekea mlangoni, ambako mume wangu alikuwa amesimama ameshika kofia, amejiandaa kukimbia.

"Wuon Shirleen," Mama akamwita, baba Shirleen. "Asante. Sasa leta bisibisi. Naenda na rafu."

Na akaenda nayo. Tatizo dogo ambalo nadhani mmeshaliona, ni kwamba kwenye rafu hiyo hiyo alikuwa amegundisha picha ya harusi na ile saa ya kanisa. Kwa hiyo harusi yangu sasa inaishi Mfangano. Nikitaka kujiona nikiwa mwembamba napanda boti Mbita.

Tulimsindikiza wenyewe. Kwenye boti tuliibeba rafu mapajani akina mama wanne, na siku hiyo ziwa lilikuwa limeamka vibaya, maji yanaturukia usoni, watu wanashika vikapu vyao na kuku wao. Glasi tano na kitako kimoja hazikuyumba. Mume wangu alikuwa amekuja pia, ati kusupervise, na alimweleza kila abiria kuhusu hiyo gundi, jina, bei na rangi ya tube. Nilitamani mdomo wake nao ungepakwa kidogo.

Akaifunga ukutani kwa Mama, chini kidogo, usawa wa mtu aliyekaa. Skrubu zote zikashika. Sijui alitazama video gani hiyo siku.

Juzi nikapiga simu kumsalimu. Akapokea mke wa mwanawe, akaniambia Mama hawezi kuja kwa simu, anafuta jagi lake. Hulifuta kila asubuhi, hataki kusaidiwa, na kitambaa kikianguka anakiokota mwenyewe. Wageni wakija wananywa wakiwa wameinama, chifu pamoja na mchungaji.

Sasa nilichojifunza, kwa wenye malori karibu na nyumba. Mchanga ndani ya vesi unatosha. Kitu kizito kikae chini, kabati lifungwe ukutani, na kitu ambacho kuna siku kitaoshwa au kupewa mtu kisipakwe gundi. Ukiona ni lazima upake, anza Jumapili. Usianze Ijumaa. Na hiyo hadithi ya Mama Awuor isimfikie mume yeyote akaichukua kama ruhusa, maana wangu tayari ameanza kuulizia majirani kama wana vitu vinavyotikisika.

Mwenye njia nzuri zaidi ya kulinda vyombo aweke hapa. Mwenye njia ya kubandua remote aje inbox haraka, magoti yangu yameanza kuuma. Na mwenye kuja kunifundisha kuhusu Sabato, karibu, ila beba kisu.

Swali mtakaloniuliza najua ni kama nilimshukuru mume wangu.

Nilimshukuru. Mara moja, kwa sauti ya chini, sauti ya mpira kwenye TV ikiwa juu. Akasema hakusikia, nirudie.